Chuma katika ngano za wavulana: je, tumekuwa tukiisoma hadithi ya Hans wa Chuma kinyume?

Mwanzisha uzi

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kila mjadala wa malezi ya wavulana unaponoga, haukosi mtu wa kuleta ngano moja ya Kijerumani, ile ya Hans wa Chuma, ambayo ndugu wawili Jacob na Wilhelm Grimm waliiweka katika nafasi ya 136 ya mkusanyiko wao. Husimuliwa kwa ufupi sana: mvulana anamwibia mama yake ufunguo, anamfungulia mtu wa mwituni aliyefungwa, anaondoka naye, na mwishowe anakuwa shujaa. Kutokana na muhtasari huo hutolewa ushauri kwamba mtoto wa kiume atenganishwe na mama, akabidhiwe kwa wanaume wagumu, naye awe mgumu. Nimeisoma ngano hiyo upya kwa utulivu, pamoja na nyingine chache za mkusanyiko huohuo, na nimefikia maoni ambayo naomba myapime bila kunionea haya. Naona kwamba katika ngano hizi chuma si mwisho wa safari ya mvulana. Chuma ni kifungo, na hadithi haimaliziki mpaka kifungo hicho kimefunguka.

Kabla ya ngano yenyewe, ni vizuri tukumbushane jinsi ilivyofika mikononi mwa wanasaikolojia. Mwaka 1913 Sigmund Freud aliandika makala fupi kuhusu vipande vya ngano vinavyojitokeza katika ndoto za wagonjwa wake, na kwa wafuasi wake ngano ikawa njia ya kuyafikia matamanio na hofu ambazo mtoto hawezi kuzitamka. Bruno Bettelheim, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, aliendeleza mtazamo huo katika kitabu chake cha mwaka 1976, akishikilia kwamba mtoto anayahitaji majitu na wachawi ili mahangaiko yake yapate sura anayoweza kuitazama. Carl Jung na mwenzake Marie-Louise von Franz walishika njia nyingine. Kwao, ngano ni picha ya nafsi moja, na mfalme, malkia, mtoto, mnyama na jitu ni pande za mtu yuleyule zinazotafutana. Njia hii ya pili ndiyo iliyozaa vitabu vingi kuhusu wanaume. Robert A. Johnson aliichambua hadithi ya Parsifal, shujaa kijana wa masimulizi ya kale ya Ulaya, mwaka 1974, na mwaka 1990 mshairi Robert Bly akatoa kitabu kizima juu ya Hans wa Chuma, kikakaa zaidi ya mwaka mmoja katika orodha ya vitabu vilivyouzwa sana Marekani.

Nimtendee Bly haki hapa, kwa sababu wengi wanaomtaja hawajamsoma. Alitofautisha waziwazi mtu wa mwituni na mtu katili, na akaandika kwa kirefu kuhusu majivu, kushuka chini na kuomboleza. Kilichobaki midomoni mwa watu baada ya miaka yote hii ni ufunguo na msitu peke yake, na ndiyo sababu naona ni lazima turudi kwenye maandishi.

Mfalme ana msitu ambao kila mwindaji anayeingia hatoki tena. Miaka inapita, na mwindaji mgeni anaingia na mbwa wake, mara mkono mtupu unachomoza kutoka dimbwini na kumvuta mbwa chini. Mwindaji hapigani na ule mkono. Anarudi kuwaita watu watatu wenye ndoo, wanayachota maji mpaka dimbwi linakauka, na chini kabisa wanamkuta mtu mwenye mwili wa rangi ya chuma chenye kutu, nywele zake zikimfunika uso na kuteremka hadi magotini. Naomba tusimame kidogo kwenye kutu. Kutu ni chuma kilichosahauliwa majini, na kwa hiyo huyu si mfano wa nguvu iliyokomaa inayomsubiri kijana aje kuiiga. Ni nguvu iliyotelekezwa muda mrefu mpaka ikawa inameza mbwa na watu. Namna ya kumfikia nayo inasema mengi, maana hakuna upanga unaochomolewa, ni ndoo baada ya ndoo.

Mfalme anamfungia mtu huyo katika kizimba cha chuma uani. Mwana wa mfalme ana umri wa miaka 8, anacheza na mpira wake wa dhahabu, na mpira unaingia kizimbani. Kwa siku mbili anaomba arudishiwe, na kwa siku mbili anajibiwa kwamba ni mpaka afungue mlango. Siku ya tatu baba amekwenda kuwinda, mtoto anachukua ufunguo chini ya mto wa mama yake, anafungua, na katika kufungua anabana kidole chake. Wafasiri wengi hukimbilia ufunguo na kukisahau kidole, ilhali hadithi yenyewe haikisahau. Maumivu yale madogo ndiyo yatakayomfuata hadi sura inayokuja.

Msituni, Hans wa Chuma anampa kazi moja tu: akae kando ya chemchemi ya dhahabu na kuilinda, kitu chochote kisidondokee ndani. Siku ya kwanza kidole kinauma mno, mtoto anakitumbukiza majini bila kukusudia, nacho kinakuwa dhahabu isiyofutika. Siku ya pili kidole kinauma tena, anakipitisha kichwani, na unywele mmoja unaanguka. Siku ya tatu anainama kuutazama uso wake ndani ya maji, na nywele zake zote ndefu zinateleza na kung'aa kama jua. Ameshindwa mara tatu mfululizo. Tazameni, hata hivyo, kwamba kila kushindwa kumemwachia dhahabu mwilini, na kwamba kulianzia kwenye kidonda alichojaribu kukificha. Sijui mfano mwingine katika fasihi ya watoto unaolieleza jambo hili kwa uaminifu kiasi hiki: mahali panapomuuma mvulana na mahali penye thamani yake ni pamoja, na mvulana huyo huona haya kwa vyote viwili, ndiyo maana anajifunga kitambaa kichwani.

Kisha anafukuzwa. Mtu wa mwituni anamwambia aende duniani akaujue umaskini, lakini kwa kuwa hana moyo mbaya, akipatwa na shida aje ukingoni mwa msitu na kuliita jina lake. Kuanzia hapo mwana wa mfalme anakuwa mtumishi wa jikoni katika jumba la mfalme mwingine. Anabeba kuni, anachota maji, anazoa majivu. Anapopelekwa mezani anakataa kuvua kofia, akisingizia kwamba ana vidonda kichwani, na mfalme anamwamuru mpishi amfukuze. Anahamishiwa bustanini, anapanda, anamwagilia, analima kwenye upepo na mvua. Binti wa mfalme anapoziona nywele zake na kumpa sarafu za dhahabu, anampa mtunza bustani awapelekee watoto wake wazichezee.

Hii ndiyo sehemu ambayo washauri wa ugumu huiruka. Mtoto hakufundishwa kupigana msituni. Aliyofundishwa na dunia ni majivu na miche. Mwanaanthropolojia Arnold van Gennep, aliyeandika mwaka 1909 kuhusu taratibu za kuvuka kutoka hali moja ya maisha hadi nyingine, alizigawa katika vipindi vitatu, yaani kutengwa, kukaa kizingitini na kupokewa upya. Masimulizi ya mitandaoni yanapenda kutengwa na yanapenda kupokewa, lakini kizingiti huwachosha, kwa kuwa kizingitini hakuna wa kukupigia makofi. Katika ngano hii kizingiti ni jiko na bustani.

Vita inapokuja, kijana anaachiwa farasi kilema anayechechemea kwa miguu mitatu. Anampanda hadi msituni, anaita, anapewa farasi mwenye nguvu na jeshi lililovaa chuma, anawashinda maadui. Halafu anafanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha ngano nzima. Anarudi ukingoni mwa msitu na kumwambia Hans wa Chuma achukue farasi wake na askari wake, amrudishie yule wake wa miguu mitatu. Anarejea akichechemea na watu wanamcheka. Kile chuma kilikuwa cha kuazima kwa saa ya hatari, na yeye alijua wakati wa kukirudisha.

Yanafuata mashindano ya siku tatu, ambapo binti wa mfalme anarusha tufaha la dhahabu na kijana analidaka, akija na deraya nyekundu, kisha nyeupe, kisha nyeusi. Siku ya mwisho mmoja wa wanaomfukuza anamjeruhi mguu kwa ncha ya upanga na kofia yake ya chuma inaanguka. Anatambuliwa kwa nywele, kwa matufaha na kwa lile jeraha, ambalo yeye mwenyewe analionyesha. Siku ya harusi mlango unafunguka na mfalme mwenye fahari anaingia, anamkumbatia bwana harusi na kusema kwamba yeye ndiye Hans wa Chuma, alikuwa amerogwa akageuzwa mtu wa mwituni, na sasa amekombolewa.

Kwa hiyo mvulana hakugeuka kuwa chuma. Kukua kwake ndiko kulikomtoa mwingine katika hali ya chuma. Hapo ndipo penye swali langu kwa wanajukwaa: kama ngano yenyewe inaishia hivyo, tumeipata wapi tafsiri ya kwamba inawafundisha wavulana kuwa wagumu?

Mchangiaji wa pili

Ndugu mwanzisha uzi, nimefurahia usomaji wako, lakini nina pingamizi la kihistoria ambalo naona halikwepeki. Unazungumza kana kwamba maandishi haya ni sauti ya nafsi ya binadamu kutoka enzi zisizojulikana. Mkusanyiko wa Grimm ulianza kutoka mwaka 1812, juzuu ya pili ikafuata mwaka 1815, na toleo la saba, la mwisho walilolisimamia wenyewe, ni la mwaka 1857. Tangu juzuu ya 1815, mahali pake palikaliwa na hadithi tofauti ya mtu wa mwituni iliyoandikwa kwa lahaja ya Kijerumani cha kaskazini. Hii unayoichambua iliingia mwaka 1850, baada ya Wilhelm kuisuka pamoja na hadithi iliyochapishwa na Friedmund von Arnim mwaka 1844. Kwa maneno mengine, baadhi ya maelezo unayoyajengea hoja ni ya mhariri mmoja wa karne ya 19 aliyekaa mezani na kalamu.

Mwanahistoria Robert Darnton aliwakosoa vikali mwanasaikolojia Erich Fromm na Bettelheim mwaka 1984 kwa sababu hii hasa. Waliijengea nadharia kofia nyekundu ya yule msichana anayekutana na mbwa mwitu, wakati wakulima wa Ufaransa waliosimulia hadithi hiyo hawakuwa na kofia nyekundu katika masimulizi yao. Mfano mwingine ni mama wa kambo. Bettelheim aliandika mengi kuhusu jinsi mtoto anavyomgawa mama katika sehemu mbili, mama mwema aliyefariki na mama wa kambo mwovu. Katika toleo la kwanza, mama yake Theluji Nyeupe ni mama mzazi, na Wilhelm alimfanya wa kambo mwaka 1819. Kwa Hansel na Gretel mabadiliko hayo yalisubiri toleo la 1840. Sasa ni nani aliyemgawa mama, ni nafsi ya mtoto au ni mhariri aliyetaka kulinda heshima ya akina mama wa Kijerumani?

Mwanzisha uzi

Mkuu, nakushukuru, na sehemu kubwa ya pingamizi lako naipokea. Hoja ya mama wa kambo ni nzito, na inapaswa kumfundisha kila mfasiri kuulizia toleo kabla ya kuulizia nafsi. Mimi pia sina imani na wale wanaosema kwamba kila ngano imetoka moja kwa moja katika kisima kimoja cha wanadamu wote.

Lakini tuangalie kinachobaki tukishaondoa mkono wa Wilhelm. Mfungwa wa ajabu anayeachiliwa na mtoto, na baadaye kumsaidia mtoto huyo anapokuwa mtumishi asiyejulikana, ni kisa kilichosimuliwa katika nchi nyingi za Ulaya, kiasi kwamba orodha ya kimataifa ya aina za ngano imekipa namba yake, 502. Mtafiti wa ngano Vladimir Propp, alipochambua muundo wa ngano za Kirusi mwaka 1928, alionyesha kwamba majina na mavazi hubadilika wakati kazi za wahusika zinabaki palepale. Kwa hiyo rangi ya deraya sitaipigania. Kuachiliwa kwa mfungwa, utumishi wa kujificha na kutambuliwa kwa alama ya mwili nitavitetea.

Tena, hata mhariri ni mtu mwenye nafsi. Baba yao akina Grimm alifariki Januari 1796, siku chache tu baada ya Jacob kutimiza miaka 11, na Wilhelm alikuwa mdogo kwa mwaka mmoja. Sisemi kwamba kifo hicho ndicho kilichoandika ngano, maana ushahidi wa namna hiyo haupatikani. Nasema kwamba wanaume waliokaa miaka mingi wakinoa sentensi hizi walijua kwa uzoefu wao wenyewe maana ya mvulana kubaki bila baba wa kumwongoza, na sioni sababu ya kuuona mkono wao kuwa uchafu wa kusafishwa.

Mchangiaji wa tatu

Naomba nichangie kama mama, na pia kama mtu aliyefanya kazi ya ushauri nasaha kwa vijana kwa muda mrefu. Kila ninapomsikia mtu akinukuu ule ufunguo chini ya mto wa mama, najua sentensi itakayofuata: kwamba mama ndiye anayemfungia mwanawe uanaume wake. Naomba tusome tena. Ni nani aliyeamuru mtu wa mwituni afungwe? Ni mfalme. Ni nani aliyetangaza kwamba atakayefungua mlango atauawa? Ni mfalme. Ni nani aliyeamua kwamba ufunguo utunzwe na malkia? Ni mfalme huyohuyo, ambaye siku yenyewe ya tukio hayupo, yuko mawindoni. Malkia amekabidhiwa ulinzi wa kitu ambacho hakukifunga yeye, na mumewe anaporudi na kukuta kizimba kitupu, anayeulizwa ni yeye. Wanawake wengi wanaowalea wavulana wataijua hali hii bila kuelezwa na mwanasaikolojia yeyote.

Pia kuna mkanganyiko wa mbinu. Kama tunamfuata Jung na von Franz, basi malkia ni upande mmoja wa nafsi ya mvulana mwenyewe, na kuchukua ufunguo ni jambo linalotokea ndani yake. Watu huchukua ishara kutoka kwa Jung kisha wanazibandika kwa mama halisi aliyeko jikoni, aliyechoka, ambaye hajamfungia mtu yeyote. Hiyo ni tafsiri isiyo na nidhamu, na nimeona ikiwaumiza vijana na mama zao.

Mwanzisha uzi

Dada, umeniongezea jambo ambalo nilikuwa nimelipita, nami nalikubali lote. Nilipoandika kwamba wafasiri hukimbilia ufunguo, mimi mwenyewe sikuuliza ni nani aliyeuweka pale. Baba ndiye aliyefunga, akamwachia mama kazi ya kulinda, akaenda zake kuwinda. Nitakuwa nikiisimulia hivyo kuanzia leo.

Mchangiaji wa nne

Wakuu, niruhusuni niseme kwa niaba ya wazazi wasioridhika. Nina kijana wa miaka 14. Dunia haimbembelezi mtu, na mwanaume anayeogopa huliwa mapema. Nawaheshimu wasomi, lakini nikimwambia mwanangu kwamba ugumu ni kifungo, nimemwandaa kwa lipi? Katika hiyo hiyo hadithi kuna vita, na vita haikushindwa kwa miche ya bustani.

Mwanzisha uzi

Ndugu, swali lako ni la mzazi anayempenda mwanawe, na sitalijibu kwa juu juu. Ni kweli kwamba kijana alipigana na alishinda. Sijasema aachwe bila ujasiri. Nimesema kwamba alijua kuvaa chuma na alijua kukivua, na kwamba uwezo wa kukivua hakuupata vitani.

Niiweke mbele yako ngano nyingine ya mkusanyiko huohuo, ya nne kwa mpangilio, ya kijana aliyeondoka kwao kwenda kujifunza kuogopa. Huyu ndiye mwanaume ambaye ushauri wa ugumu unamwota: haogopi kitu. Mtumishi wa kanisa anajifanya mzuka kumtisha usiku, naye anamsukuma ngazini hadi mguu unavunjika. Anawakuta watu saba waliotundikwa kitanzini, anadhani wanasikia baridi, anawashusha waote moto, na nguo zao zinaposhika moto anawakasirikia kwa uzembe. Analala siku tatu katika ngome yenye mashetani na kutoka salama. Baba yake, badala ya kujivunia, anampa fedha za njiani na kumtaka asimtajie mtu baba yake ni nani, kwa kuwa anamwonea aibu.

Ngano haimsifu kijana huyu kwa kukosa hofu, inaionyesha kama upungufu. Yeye mwenyewe anajua kwamba kuna kitu hana, na analalamika kila mara kwamba laiti mwili wake ungesisimka. Haoni tofauti ya maiti na mtu aliye hai, wala haoni kwamba aliyemsukuma ngazini anaumia, kwa sababu kile kinachotufanya tuogope kwa ajili yetu ndicho kinachotuwezesha kuhisi maumivu ya mwingine. Anashinda ngome, anapata hazina, anamwoa binti wa mfalme, na bado analalamika. Mwishowe ni mke wake ambaye, kwa shauri la mtumishi wake wa kike, anamfunulia blanketi usiku na kummwagia ndoo ya maji baridi yenye visamaki, vikirukaruka mwilini mwake. Anaamka akipiga kelele kwamba sasa anajua kusisimka ni nini.

Wapo wanaoiona hii kama kichekesho cha kumalizia, na kwa sikio la mtoto pengine ndivyo ilivyo. Mimi naisoma kwa uzito. Hofu ambayo mashetani walishindwa kumfundisha ilimkuta kitandani, amelala bila silaha, kando ya mtu aliyemkaribia kuliko adui yeyote. Kijana wako wa miaka 14, ndugu yangu, nakuombea awe jasiri. Lakini ukimwona hasisimki kwa lolote, hata la kwako, usiharakishe kusema amekua.

Mchangiaji wa tano

Nyongeza fupi. Kuna ile ngano ya 108, ya Hans aliyezaliwa nusu mtoto na nusu kalunguyeye, kwa sababu baba yake alitamka kwa hasira kwamba anataka mtoto hata akiwa kalunguyeye. Mtoto akalala nyuma ya jiko miaka 8, na baba akitamani afe. Mwishoni ngozi ya miiba inateketezwa kwenye moto na watu wanne walioagizwa kuilinda mpaka iishe, na hata baada ya hapo mwili wake ni mweusi kama uliochomwa hadi tabibu anampaka dawa. Nimeona inalingana na hoja yako kwa sehemu mbili. Miiba haikuwa tabia yake ya asili, ilitokana na neno la baba. Na kuivua hakukuwa kazi ya mtu mmoja. Swali langu ni hili: katika hizi ngano zote, je, mvulana anaweza kukivua chuma chake mwenyewe, au ni lazima kuwe na mtu wa kukivunja?

Mwanzisha uzi

Swali zuri mno, na nimelifikiria tangu jana. Jibu langu liko katika ngano ya kwanza kabisa ya mkusanyiko, ile ya mfalme chura, ambayo kila mtu anadhani anaijua. Katika maandishi ya Grimm hakuna busu. Binti wa mfalme anamrusha chura ukutani kwa hasira, na anayeanguka chini ni mwana wa mfalme. Lakini jina kamili la ngano hiyo lina sehemu ya pili ambayo wengi hawaijui: Mfalme Chura, au Heinrich wa Chuma.

Heinrich ni mtumishi. Bwana wake alipogeuzwa chura, alihuzunika kiasi kwamba aliagiza moyo wake ufungwe kwa mikanda mitatu ya chuma, usije ukapasuka. Hakuna aliyemlazimisha. Hakuwa mgumu kwa sababu hakupenda, alijifunga kwa sababu alipenda mno na hakuwa na mahali pa kuipeleka huzuni hiyo. Naamini wanaume wengi tunaowaita wagumu wako hivyo, na kuwaambia tu wafungue mioyo yao ni kuwataka wapasuke, maana chuma kile kiliwekwa kwa sababu ya kweli.

Sasa tazama kinavyovunjika. Bwana wake amerudi kuwa mtu, gari la farasi wanane weupe limekuja kuwachukua maharusi, na Heinrich amewapandisha na kusimama nyuma. Hakuna anayeigusa mikanda yake. Hashauriwi, haulizwi, hafundishwi. Njiani unasikika mlio mkubwa nyuma, na mwana wa mfalme anageuka na kupaza sauti kwamba gari linavunjika. Heinrich anamjibu kwamba si gari, ni mkanda mmoja wa moyo wake. Mlio unasikika tena, na tena, na kila mara bwana wake anadhani ni gari.